Sabuni Kabla ya Lokiru

Jumatatu, 10 Februari

Tangazo langu limebandikwa leo Lodwar nzima. Lango la soko, ukuta wa kituo cha mafuta, mlango wa kinyozi. "NI MARUFUKU KWA MTU YEYOTE KUOSHA GARI LAKE KWA MAJI YA MFEREJI HADI TAARIFA NYINGINE ITOLEWE." Chini yake: S. Wainaina, Afisa wa Mawasiliano, Ofisi ya Maji. Sentensi moja. Ilinichukua wiki nzima. Bwana Odongo, mkuu wangu, aliisoma akasema ni fupi na haina huruma. Nikaona fahari ambayo mtu mwenye akili timamu hapaswi kuiona juu ya sentensi.

Tangazo ni la haki. Visima vinavuta hewa. Mfereji wa hapa kwangu hukohoa, hutema kutu, hunyamaza. Naliamini kila neno. Naomba hilo lijulikane kabla sijaandika mengine.

Jioni Baba akapiga simu kutoka Nyahururu. Anakuja Jumamosi kwa basi. Anakuja kuliona gari.

Hakusema kuniona mimi. Gari.

Gari lenyewe ni Pijo lake la zamani, jeupe, alilolitunza tangu kabla sijazaliwa. Nilipopata kazi huku alinipa ufunguo, hakunipa gari. Kitabu cha gari bado kina jina lake. Sharti lilikuwa moja tu: siku moja atakuja kulitazama. Akilikuta safi, atalihamisha liwe kwa jina langu na hataniuliza tena ninarudi lini nyumbani. Akilikuta linaishi kama yatima, gari na dereva wote watarudi Nyahururu, na dereva atasimama katika duka la dawa la shangazi akiuza dawa za kikohozi hadi atakapoolewa au atakapokufa, lolote litakalotangulia.

Sitaki. Hapa nina chumba changu na ukimya wangu. Joto ni kali lakini halinishauri kitu.

Nikatoka kulitazama. Lina rangi ya uji wa mtama. Kwenye kioo cha nyuma mtu ameandika vumbini kwa kidole: NIOSHE. Mwandiko mzuri sana. Chini yake amebandika nakala ya tangazo langu.

Nimerudi ndani nikalisoma tangazo upya, safari hii kama wakili wa adui. Maji ya mfereji. Mfereji! Sikuandika neno lolote kuhusu laga, ule mto mkavu wa mjini.

Jumanne, 11 Februari

Nimechoka na watu wema.

Nilifika laga kabla ya kazi, na ndoo. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Wanawake wanachimba mashimo hadi maji yatokee chini, wanayachota kwa kikombe. Foleni ndefu. Aliyekuwa shimoni, kichwa tu kikionekana, akaniuliza kama ofisi ya maji imeishiwa maji hata inakuja kuwaomba wao. Wakacheka wote, hata mtoto mgongoni.

Nikasema nina mgonjwa nyumbani. Sijui kwa nini. Ulimi wangu hutangulia, mimi hufuata nyuma nikiomba radhi.

Kicheko kikakatika. Mgonjwa nani? Mzee, nikasema, ametoka Nyahururu. Anaumwa nini? Kifua. Asubuhi anakohoa sana kabla hajaamka. Anakula? Hapana, anakunywa tu, na siku hizi anakunywa kupita kiasi. Kila neno ni kweli kuhusu Pijo. Nilijiambia hivyo nikiwatazama nyuso zao zikilegea kwa huruma.

Wakanipitisha mbele ya foleni. Waliijaza ndoo kikombe kwa kikombe, na yule wa shimoni, Akuwam, akaibeba kichwani mwake hadi langoni kwangu. Alikataa shukrani. Akasema watakuja kumwona mgonjwa wakipata nafasi. Nikamwambia mgonjwa hapendi wageni. Akasema wagonjwa wote husema hivyo.

Nilisimama na ile ndoo mbele ya gari muda mrefu. Sikuweza. Nusu niliyamimina kwenye mtungi wangu wa kunywa, nusu nikawapa mbuzi wa Nakaale, jirani yangu. Dhamiri ni kitu kigumu. Haioshi hata taa moja ya mbele.

Ofisini, habari zilikuwa zimeshatangulia. Kuna mkaguzi mpya wa maji, ameanza kazi wiki hii, bado sijamwona. Anazunguka mjini kwa pikipiki. Ameripoti kwamba mwenye gari fulani ameonekana laga na ndoo. Jina hakulijua. Alisema tu ni mwanamke mwenye uso wa mtu anayefanya hesabu. Bwana Odongo alinitazama usoni kwa muda usiokuwa wa lazima. Kisha akaniagiza nirekebishe tangazo.

Nikaongeza kwa mkono wangu mwenyewe: "WALA YA LAGA."

Jumatano, 12 Februari

Wazo lilinijia nikiwa nawatazama mbuzi wa Nakaale wakiramba ukuta wa choo changu. Wanatafuta chumvi. Wanaramba na kurudia, kwa bidii ambayo sijaiona kwa binadamu yeyote ofisini kwetu.

Tangazo linakataza maji. Ulimi si maji.

Nikakoroga chumvi kwenye kikombe kimoja cha maji niliyokusudia kunywa, nikalipaka gari lote kwa kitambaa. Kisha nikamwomba Nakaale awafungulie. Hakuuliza sababu. Nakaale ni mama mtu mzima, mjane, ana shanga hadi kidevuni, na ananitazama jinsi wengine wanavyotazama televisheni.

Mwanzoni ilikuwa nzuri! Lazima niseme hivyo. Mlango wa kushoto uling'aa. Niliona weupe wa utotoni mwangu. Nilikaribia kulia.

Kisha wakapanda boneti. Kisha paa. Beberu mmoja akala mpira wa waipa, akatafuna huku akinitazama machoni. Mwana-mbuzi akateleza kwenye kioo cha mbele, akapiga honi kwa njia ambayo hadi sasa siielewi, maana madirisha yalikuwa yamefungwa. Watu wakajaa uani. Walioramba waliramba walipopenda tu, wakaacha kwingine, na sasa gari lina mabaka meupe na ya udongo, makubwa kwa madogo.

Nakaale alilizunguka polepole. Akasema haya ndiyo madoa ya dume la ng'ombe la marehemu mume wake, lile alilokuwa akilipenda kuliko wake zake. Akaanza kuliimbia wimbo wa dume lile, mikono juu kama pembe. Watu wakaitikia. Nilisimama pembeni ya gari la baba yangu likiimbiwa kama ng'ombe, na jambo la ajabu ni kwamba lilionekana kupendeza.

Mchana Bwana Odongo akaniita. Mkaguzi mpya ameandika tena. Nikaongeza kwenye tangazo: "WALA KWA NJIA NYINGINE YOYOTE, IKIWEMO NDIMI ZA MIFUGO."

Odongo akauliza kama mimi binafsi nina jambo linalonisumbua. Nikasema hapana. Akasema haya, kesho uende Kakuma ukabandike matangazo huko, upepo ukupunge kidogo.

Kakuma! Kule tangazo bado halijafika. Mimi ndiye nitakayelifikisha. Hakuna aliyesema lazima lifike kabla ya mchana.

Alhamisi, 13 Februari

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Nilifika Kakuma mapema, matangazo yakiwa kwenye buti, yamefunikwa na blanketi kama magendo. Nikauliza pa kuosha magari. Nikaelekezwa kwa Jean-Luc, Mkongomani, mwenye kibanda cha mabati, pampu ya mkono na pipa lililojaa. Alilizunguka Pijo akishika kichwa. Akasema, "Dada, hii motokari inakulaka vumbi ao inakulaka watu?" Nikasema ni mbuzi. Akaanza kupiga pampu kwa heshima.

Aliosha kama mtu anayemuogesha mtoto wake wa kwanza. Alisugua ndani ya masikio ya gari, kama gari lina masikio. Alinihadithia kwamba alianza na ndoo moja na soksi, na sasa kibanda hiki kinamlishia wadogo zake wote. Akamaliza, akaniita nijitazame kwenye mlango. Nilijiona. Uso wa mtu anayefanya hesabu.

Ndipo nikafungua buti, nikatoa tangazo, nikambandikia kibandani.

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye ndimi za mifugo akainua macho akanitazama, akatazama gari, akatazama jina lililoko chini. Akauliza S. ni nani. Nikasema ni mwenzangu. Akauliza huyo S. Wainaina ni mutu wa namna gani. Nikasema ni mtu mwenye uchovu. Akatikisa kichwa. Akasema hata kama, nimwambie kwamba Jean-Luc aliosha kwa roho yake yote. Kisha akamwaga maji ya ndoo ya mwisho kwenye pipa, asipoteze hata tone, akafunika.

Sikuweza kumtazama tena. Nikaondoka.

Njiani upepo ukainuka. Si upepo, ni ukuta. Rangi ya matofali. Nilikuwa sijakausha vizuri ule unyevu wa mbele, na kila chembe ya Turkana iliyokuwa ikitafuta mahali pa kukaa ikapata. Ngamia walikaa katikati ya barabara wakinipa mgongo. Nikasubiri. Nilipofika Lodwar, gari halikuwa tena na mabaka ya dume la Nakaale. Lilikuwa chungu kilichotoka kwa mfinyanzi, bado hakijachomwa.

Nimemfungia mtu mlango wa riziki ili nipate gari safi, na gari si safi. Hata ubaya wangu hauna faida.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Sylvia, mfanyakazi wa serikali, hakupewa ua na mtu. Alipewa na Bwana Odongo kikumbusho cha kuandika ripoti ya Kakuma.

Udongo umekauka kwenye gari ukawa tofali. Nimeukwangua kwa rula, rula imevunjika. Kesho Baba atashuka kwenye basi. Nimeanza kufikiria duka la dawa. Nimeanza kukumbuka harufu yake.

Alasiri Nakaale akaniita kutoka ng'ambo ya ua wa miiba. Alikuwa amechangamka kupita kawaida. Akasema, "Silivia! Kesho Lokiru nakuja!"

Nikausogelea ua. Mimi hujifunza Kiturkana kwa siri; nina orodha ya maneno ukutani. Akiru ni mvua. Anayezaliwa mvua ikinyesha huitwa Lokiru. Na wazee huku, niliwahi kusoma mahali fulani, huiheshimu mvua hata hawaitaji ovyo. Nikaelewa mara moja. Watu wengine wa bara wangefikiri ni jina la mtu tu.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida huyo Lokiru anatoka wapi. Upande wa Lokiriama, akasema. Lokiriama! Magharibi, huko huko mawingu yanakozaliwa. Ni mkubwa? Mkubwa sana, mrefu, nakuja na kelele. Mwaka jana alikuja? Hakuja kabisa, watu nalia. Na kesho atakuja saa ngapi? Mapema, kabla jua iko kali. Atakaa? Ah, hapana, akasema, atakula tu kisha ataenda.

Atakula! Mvua inayokula ardhi kisha ikaenda zake. Niliingia ndani nikaandika sentensi hiyo ukutani. Chuo kikuu walitufundisha kwamba lugha za wafugaji zina ushairi mkubwa, na mimi sikuwahi kuamini.

Sasa hesabu. Mvua ya mapema, fupi, yenye kelele. Ikinyesha kwenye udongo huu mkavu itateleza tu, haitaondoa kitu. Lakini ikilikuta gari limeshapakwa sabuni, yenyewe itasuuza. Tangazo linakataza kuosha. Halisemi lolote kuhusu kupaka sabuni na kusubiri. Na mvua haiwezi kushtakiwa.

Nimelala kidogo jioni hii ili niwe na nguvu. Mara ya kwanza wiki hii nimetabasamu nikiwa peke yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika polepole. Baba amelala kitandani kwangu.

Nilianza kulipokucha. Karibu pakiti nzima ya sabuni ya unga, na yale maji ya Akuwam yaliyobaki mtungini, vikombe vichache tu, kiasi cha kufanya uji. Nilipaka gari lote. Povu zito, jeupe, hadi magurudumu. Likawa linafanana na mtu aliyekaa kwa kinyozi. Nikatoa nje beseni, sufuria na kikombe cha mswaki kukinga mengine. Nikakaa mlangoni nikaangalia magharibi.

Mbingu ilikuwa tupu. Sikukata tamaa. Povu likaanza kukauka kwenye paa. Nikajiambia mvua ya jangwani haitoi taarifa.

Kisha nikasikia ngurumo! Ndefu, nzito, upande wa barabara. Nilisimama. Nilinyoosha mikono. Nadhani nilisema "karibu" kwa sauti.

Ilikuwa pikipiki. Pikipiki isiyo na bomba la kuzuia sauti. Juu yake kijana mrefu sana mwenye fulana ya kijani ya ofisi yetu. Nakaale akatoka mbio, shanga zikilia, akamkumbatia akiwa bado hajazima injini. "Lokiru! Lokiru!" Mtoto wa dada yake, kutoka Lokiriama. Mwaka jana hakuja kwenye mazishi ya mjomba wake na ndugu wote walilia. Leo amekuja kula kwa mama yake mdogo kabla hajaendelea na kazi yake. Kazi yake ni ukaguzi wa maji.

Alinisalimia kwa adabu. "Ejok, madam." Kisha akaliona gari.

Hakupaza sauti. Alivua kofia, kama mtu aliye mbele ya maiti, akalikariri tangazo langu lote kwa moyo, na koma zake. Sauti nzuri. Alipomaliza alisema anasikitika, ila aliyeandika maneno haya ni mtaalamu, amefunga kila mahali, hakuna pa kupenya. Alisema anatamani siku moja kukutana naye.

Wakati huohuo bodaboda ikaingia langoni. Baba. Koti la sufi katika jua hili, begi moja, na mitungi miwili mikubwa imefungwa kwa kamba za mpira. Alishuka. Alitazama Pijo. Povu lilikuwa limekauka na kupasukapasuka kama ukoko wa wali.

Akasema, "Maitu, umelinyoa?"

Maitu ni mama yangu, kwa Kikikuyu. Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la nyanya, mama yake. Hutumia neno hilo akiwa na furaha sana au akiwa ameishiwa na maneno mengine.

Mitungi ilikuwa na maji. Maji ya nyumbani, ya Nyahururu, ambako mvua inanyesha hadi watu wanaikemea. Alisikia redioni kwamba huku hakuna. Ameyapandisha na kuyashusha kwenye mabasi usiku kucha ili alioshe gari kwa mkono wake. Akaanza kukunja mikono ya shati.

Lokiru akaingia kati. Kwa upole kabisa. Mzee, njia nyingine yoyote ni marufuku. Baba akasema maji haya ni yake, si ya Turkana. Lokiru akasema tangazo halikuuliza maji ni kabila gani. Baba akasema, na amefundisha Kiswahili shule ya upili maisha yake yote, kwamba angependa kukutana na mjinga aliyeandika sheria ya namna hiyo. Lokiru akasema si mjinga, ni madam Sylvia Wainaina wa Ofisi ya Maji, je, mzee anamfahamu?

Kufikia hapo nilikuwa nimeshainama nyuma ya gari. Nilibaki huko.

Jumapili, 16 Februari

Baba hakwenda kanisani, basi lilimwacha na kikohozi. Alikuwa amelala, blanketi hadi kifuani, ndipo hodi ikapigwa. Akuwam. Nyuma yake wanawake wa laga wote, na ndoo ya maji wameifunika kwa majani.

Wamekuja kumwona mgonjwa.

Hawakungoja niwakaribishe. Waliingia. Walimkuta mzee wa Nyahururu, anakohoa. Wakazunguka kitanda. Mmoja alimshika kifua, mwingine miguu. Akuwam alimpulizia matone ya maji usoni kama baraka, akamwambia binti yake alikuja laga akalia kwa ajili yake, na kwamba mtu mwenye binti kama huyo hafi haraka. Wakaomba kwa sauti. Nakaale alisikia, akaja kuomba pia, ingawa alijua wazi hakuna mgonjwa. Alinikonyeza katikati ya amina.

Baba alikuwa ameloa uso. Alinitazama tu juu ya mabega yao, kwa jicho moja, kama anayesahihisha insha na bado hajaamua. Kisha akaamka, akawapa mitungi yake yote miwili. Maji ya Nyahururu yakaenda laga. Nakaale aliyaonja akasema hayana ladha.

Walipoondoka aliniomba tangazo. Alilisoma kwa kalamu nyekundu. Ameniambia mambo matatu nikayasikia kama mtoto wa darasani. Kwamba Kiswahili ni safi. Kwamba alikuja kunirudisha kwa sababu aliogopa niko peke yangu huku, na sasa ameona hana haja ya kuogopa. Na kwamba nimefunga milango yote isipokuwa mmoja.

Akapigia mstari neno moja. Lake.

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kuosha gari LAKE." Anayeosha la mwenzake hana kosa. Kimilikishi kidogo, Maitu, lakini nchi nzima inapita hapo.

Mungu wangu. Jean-Luc! Nimemtumia ujumbe papo hapo, kwa namba iliyoandikwa kibandani kwake: haoshi magari yake, anaosha ya watu. Amejibu: "Merci dada. Na S. Wainaina muambie alale sasa."

Kisha Baba akalichukua koti lake, akatoa fomu ya kuhamisha gari. Imejazwa tayari. Amesema kesho atatia sahihi, liwe langu, alikute lina vumbi au halina.

Lilikuwa jambo nililolitaka tangu nilipopewa ufunguo. Nilifungua mdomo kushukuru. Ulimi ukatangulia.

Nilimwambia asubiri kidogo. Maana leo gari ni lake Baba, kwa hiyo mimi naweza kuliosha kihalali. Akitia sahihi litakuwa gari langu, yaani lile "lake" la tangazo nitakuwa mimi, na mlango utafungwa. Nikaomba siku chache tu. Nilioshe kwanza, kisha ahamishe.

Baba ameitazama fomu. Akaikunja fomu taratibu, akairudisha kwenye koti. Akasema nimpigie simu nikishaamua kama ninataka gari au ninataka mwanya.

Jumatatu, 17 Februari

Baba amepanda basi la asubuhi. Alinishika kichwa dirishani akacheka peke yake, sijui kwa nini. Fomu ameondoka nayo.

Ofisini Bwana Odongo ametaka nakala safi ya tangazo ipelekwe kwa mpiga chapa. Nimeongeza "WALA KULIPAKA SABUNI GARI LAKE." Neno lake limebaki palepale. Aliisoma mara mbili akasema sasa hakuna panya atakayepita. Nilihisi kitu kama huruma kwake.

Kwa hiyo leo mimi ndiye mtu pekee mjini anayejua kwamba ana haki kamili ya kuosha gari hili, na mfereji umekauka kabisa, mtungi umekauka, ndoo ya Akuwam imeshapikiwa chai. Haki bila maji. Nimekaa kwenye kizingiti nimechoka hadi kwenye kucha.

Lakini sasa hivi Nakaale ameita kutoka ng'ambo ya ua: "Silivia! Lokiru nakuja!"

Nimecheka. Mtu hadanganyiki kwa neno lilelile mara mbili. Safari hii nimefikiri kwanza, kama mtu aliyesoma. Lokiru mkaguzi yuko Kakuma. Odongo mwenyewe alimtuma jana, abaki huko hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anayekuja si yeye. Aliyebaki ni mmoja tu.

Kweli mbingu ni nyeupe. Lakini wingu ni jambo la macho, na macho yangu yamechoka.

Na nasikia ngurumo. Sijiongopei, ni ngurumo kabisa, ndefu, nzito, inatoka upande wa barabara ya Kakuma na inakuja huku.

Sabuni nimeiweka wapi?